Mkopo wa HESLB: nafuu kwa anayelipa, mtihani kwa anayeomba

Waulize wahitimu wa vyuo vikuu Tanzania kuhusu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), utasikia habari mbili zisizofanana hata kidogo. Aliyekatwa mshahara kabla ya Julai 2021 atakusimulia deni lililokataa kuisha. Anayeanza kukatwa sasa atakuambia kuwa hakuna benki nchini inayoweza kumkopesha kwa masharti kama hayo. Ni taasisi ileile na fomu zilezile, ila bei ya mkopo imebadilika kabisa.

Tathmini hii inaitazama huduma tangu siku mwombaji anapofungua mfumo wa maombi hadi siku deni linapofutika. Msimamo uko hivi: kwa bei, mkopo huu ni mzuri sana. Udhaifu wake uko kwenye kuupata, kwenye kiasi cha ada kinacholipwa, na kwenye tarehe ambayo fedha zinafika. Katika hayo matatu, mwombaji anaweza kurekebisha moja tu kwa juhudi zake. Mawili yako mikononi mwa anayepanga bajeti.

Bei ya mkopo

HESLB iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya 2004, ikaanza kazi Julai 2005, na ikapewa pia jukumu la kukusanya mikopo ambayo serikali ilikuwa imeitoa tangu 1994. Kwa miaka mingi deni lake lilibeba tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kila mwaka, na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kulipa. Mei Mosi 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo, na tangu Julai 2021 haitozwi tena. Adhabu ya asilimia 10 nayo iliondolewa. Kilichobaki juu ya fedha ulizokopa ni ada ya uendeshaji ya asilimia 1, inayotozwa mara moja.

Tuone maana yake kwa hesabu. Mhitimu amekopa jumla ya shilingi 12,000,000. Ongeza asilimia 1, deni ni 12,120,000. Ameajiriwa serikalini kwa mshahara wa msingi wa 800,000. Makato ya mkopo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000 kila mwezi. Deni linaisha kwa miezi 101, sawa na miaka minane na miezi mitano, mshahara usipopanda. Ukipanda, makato nayo yanapanda na muda unafupika.

Sasa rudisha tozo ya zamani kwenye deni hilohilo. Mwaka wa kwanza asilimia 6 ya 12,000,000 ni 720,000. Makato ya mwaka mzima ni 1,440,000, kwa hiyo nusu ya alicholipa inaliwa na tozo kabla deni halijaguswa. Na kabla ya sheria kurekebishwa mwaka 2016, makato yalikuwa asilimia 8. Kwa mshahara wa 800,000 hiyo ni 768,000 kwa mwaka. Ondoa tozo ya 720,000, deni la milioni 12 limeshuka kwa shilingi 48,000 baada ya miezi 12 ya kukatwa. Waliokuwa wakilalamika kuwa wanalipa na deni halisogei hawakuwa wakitia chumvi.

Nafuu hiyo isikufanye usahau kuangalia hati ya mshahara. Makato ya asilimia 15 yanapigwa kwenye mshahara wa msingi, si kwenye kinachobaki, na hayapunguzi kodi. Mtumishi wa 800,000 anachangia PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5, yaani 40,000. Kodi inahesabiwa kwenye 760,000 iliyobaki, nayo ni 68,000. Bima ya afya ya NHIF, asilimia 3, ni 24,000. Mkopo ni 120,000. Mkononi zinabaki 548,000. Hapo hajachukua mkopo wa benki wala hajaingia SACCOS. Anayefikiria kukopa benki miaka ya mwanzo ya kazi aanze na hesabu hii, kwa sababu mwajiri analazimika kuhakikisha angalau theluthi ya mshahara inabaki, na makato ya HESLB yanakula nafasi hiyo kabla ya benki.

Kasoro kubwa ya upande huu ni kwamba kiwango ni kimoja kwa wote. Mwenye mshahara wa 500,000 anakatwa asilimia 15, mwenye milioni 3 anakatwa asilimia 15. Kodi ya mapato ina ngazi, na hakuna sababu ya maana ya marejesho kukosa ngazi. Kwa aliyejiajiri ni vigumu zaidi, kwani anatakiwa alipe asilimia 10 ya kipato chake, na isipungue 100,000 kwa mwezi. Anayeingiza 250,000 kwa biashara ndogo anajikuta anadaiwa asilimia 40 ya anachopata. Ndiyo maana wengi wa kundi hili wanajificha, na mfuko unakosa hata kile kidogo ambacho wangeweza kutoa.

Muda wa kujipanga ni miezi 24 baada ya kuhitimu au kuacha masomo. Ukiajiriwa, mwajiri ana siku 28 za kuitaarifu Bodi, na kila mwezi anatakiwa kuwasilisha makato ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Akichelewa, adhabu ni yake. Kinachoharibika mara nyingi, hasa kwenye kampuni binafsi, ni kimoja kati ya viwili. Ama fedha zinakatwa na haziwasilishwi, ama zinawasilishwa kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne iliyokosewa, zikabaki zinaelea bila kuingia kwenye akaunti ya mtu. Yote mawili hayaonekani kwenye hati ya mshahara. Yanaonekana kwenye taarifa ya deni tu, kwa hiyo ifungue kila baada ya miezi mitatu, ilinganishe na hati zako za mshahara, na hati hizo usizitupe hadi deni lifutwe.

Maombi, ambako wengi wanakwama

Kwa kawaida dirisha la maombi hufunguliwa Juni na kufungwa mwishoni mwa Agosti. Miaka mingine huongezwa wiki chache. Maombi yanafanyika kwenye mfumo wa OLAMS, ada ni shilingi 30,000 isiyorudishwa, na inalipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe, kwa simu au benki. Ukimtumia mtu fedha akulipie kwa njia nyingine yoyote, umetapeliwa.

Kimaandishi utaratibu ni mwepesi: unajisajili kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, unalipa, unajaza taarifa za familia na shule ulizosoma, unapakua fomu na mkataba, unazichapa, unazisainisha, unapiga picha au kuskani kurasa zenye saini, unazipakia, unawasilisha. Saini ni nne: yako, ya mdhamini, ya mwenyekiti au mtendaji wa serikali ya mtaa au kijiji pamoja na muhuri, na ya kamishna wa viapo, yaani wakili au hakimu. Mdhamini aambatishe picha na nakala ya kitambulisho kinachotambulika.

Kinachoangusha watu ni yale yanayotakiwa kuwa tayari kabla ya Juni.

La kwanza ni uhakiki wa vyeti. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na wakala wa usajili wa vizazi na vifo: RITA kwa aliyezaliwa Bara, au ZCSRA kwa aliyezaliwa Zanzibar. Cheti cha kifo cha mzazi vilevile. Uhakiki si sawa na kuwa na cheti mkononi. Unaomba mtandaoni, unalipa, unasubiri majibu, na majibu yakija na dosari unaanza upya. Agosti foleni inakuwa kubwa, na anayeanza uhakiki wiki ya mwisho anaweza kukosa dirisha zima kwa sababu ya karatasi moja. Aanze Aprili au Mei.

La pili ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha kidato cha nne kinasema Mohammed. Kimoja kina majina mawili, kingine matatu. Kwa jicho la mtu ni yuleyule, ila mfumo hauna jicho hilo. Tofauti ndogo zinahitaji kiapo cha majina, na kubadilisha jina kabisa kunahitaji hati iliyosajiliwa. Lishughulikie hili kabla ya jambo jingine, maana kosa la jina linakufuata hadi kwenye akaunti ya benki na kwenye udahili.

La tatu ni namba ya mtihani. Aliyerudia kidato cha nne ana namba mbili. Ile aliyoombea mkopo lazima iwe ileile aliyoombea chuo, vinginevyo orodha ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na ya Bodi hazikutani, na mtu aliyedahiliwa kihalali anaonekana hajapata chuo. Kosa jingine la aina hiyo ni la udahili: aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja asipothibitisha kimoja kwa wakati, mkopo wake hauna pa kwenda.

La nne ni mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Vijana wengi waliomaliza kidato cha sita wanakuwa makambini katika miezi ileile ya maombi, simu na intaneti zikiwa za shida. Kijana asipoacha nyumbani vyeti vilivyohakikiwa, picha, kopi ya kitambulisho cha mdhamini na namba zake za kuingilia kwenye mfumo, mzazi hana pa kuanzia.

Halafu kuna steshenari. Waombaji wengi, hasa wa wilayani, hawajazi fomu wenyewe. Wanajaziwa na kijana wa steshenari anayehudumia watu 40 kwa siku. Naye, ili aende haraka, anaweka barua pepe yake au namba yake ya simu na pasiwedi anayoijua yeye. Miezi mitatu baadaye Bodi inatuma ujumbe kwamba kiambatisho hakisomeki, ujumbe unaingia kwenye simu ya steshenari, na mwombaji anakuja kujua jina lake halimo orodha ikishatoka. Kujaziwa hakuna ubaya. Lakini simu iwe yako, barua pepe iwe yako, pasiwedi uiandike kwenye daftari lako, na usiondoke kabla hujaona kwa macho yako kila kurasa iliyopakiwa: muhuri unasomeka, saini haikukatwa pembeni, picha ya mdhamini ipo. Kisha hakikisha kitufe cha kuwasilisha kimebonyezwa. Fomu iliyojazwa kikamilifu na haikuwasilishwa ni sawa na ambayo haikujazwa.

Viambatisho vya uhitaji ndivyo vinavyobeba uzito mkubwa kuliko maelezo yote ya fomu. Yatima aweke vyeti vya vifo vilivyohakikiwa. Mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mwenye ulemavu, ajaze fomu yake na kuithibitisha kwa mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Kaya iliyo TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, iweke namba yake. Aliyesomeshwa sekondari na mfadhili alete uthibitisho wa mfadhili. Huyu wa mwisho ndiye anayeumia kimyakimya. Kusoma shule binafsi kunasomeka kama dalili ya uwezo wa familia, na mtoto wa mkulima aliyelipiwa ada na kanisa au taasisi, asipoambatisha barua yao, anawekwa kapu moja na mtoto wa mfanyabiashara.

Kuna dhuluma iliyojificha katika utaratibu huu, nayo si ya mfanyakazi yeyote wa Bodi. Uhitaji unathibitishwa kwa karatasi, na wenye uhitaji mkubwa ndio wasio na karatasi. Baba aliyefariki kijijini na kuzikwa bila kifo chake kusajiliwa hana cheti. Kusajili kifo kilichopita kunahitaji safari za ofisi ya wilaya, mashahidi, barua ya kijiji na nauli, vyote vikitoka kwa kijana ambaye anaomba mkopo kwa sababu hana nauli.

Kupangiwa, na maana ya asilimia

Majibu yanatoka kwa awamu, na kila mwombaji anayaona kwenye akaunti yake binafsi, maarufu kama SIPA. Awamu ya kwanza ikitoka bila jina lako usikate tamaa, zipo nyingine. Ila fungua akaunti usome kama kuna dosari iliyotajwa, kwa sababu wakati mwingine kusubiri awamu ya pili ni kusubiri kitu ambacho hakitakuja hadi urekebishe.

Mkopo una mafungu: ada ya mafunzo, chakula na malazi, vitabu na viandikwa hadi 200,000 kwa mwaka, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Anayesema amepata mkopo anaweza kuwa amepata yote au sehemu tu. Fungu la kuangalia kwanza ni ada, kwa kuwa ndilo linalopunguzwa kulingana na uhitaji uliopimwa.

Chukua kozi yenye ada ya 1,300,000 kwa mwaka. Mwanafunzi kapangiwa asilimia 40 ya ada. Bodi inalipa 520,000 moja kwa moja chuoni. Zinabaki 780,000 za kutoka nyumbani, na juu yake gharama ambazo mkopo haugusi: usajili, kitambulisho, mchango wa serikali ya wanafunzi, 20,000 ya TCU, bima ya afya ya mwanafunzi 50,400. Familia inayoishi kwa mavuno ya msimu mmoja haina fedha hizo Novemba. Kwa hiyo mwanafunzi anachukua fedha ya chakula analipia ada. Anakula mlo mmoja, anahama hosteli, na bado kufikia mitihani hajakamilisha. Chuo kinamzuia, na mwaka unaishia hapo.

Anayepata asilimia ndogo asisubiri kufika huko. Wiki ya usajili aende kwa mhasibu wa chuo aombe kulipa kwa awamu na apewe makubaliano kwa maandishi. Vyuo vingi vinakubali ada igawanywe kwa semesta, na baadhi vinakubali hata vipande vidogo zaidi kwa anayejieleza mapema. Anayejieleza siku ya mtihani hasikilizwi.

Dirisha la rufaa hufunguliwa baada ya awamu kuu kutoka, na ni fupi. Rufaa inayofanikiwa ni ile yenye ushahidi ambao maombi ya awali hayakuwa nao: cheti cha kifo kilichokamilika baadaye, barua ya mfadhili, fomu ya ulemavu iliyogongwa muhuri. Kuandika kurasa mbili za kueleza ugumu wa maisha bila kiambatisho kipya hakubadilishi alama za uhitaji, kwa kuwa kinachopimwa ni kilekile.

Bumu

Fedha ya chakula na malazi, ambayo kila mwanafunzi anaiita bumu, ilipanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Inatolewa kwa robo, kwa kawaida siku 60 kwa mkupuo, yaani 600,000. Kabla ya kuingiziwa lazima usaini. Ukiwa nje ya chuo siku za kusaini, au taarifa za benki zina jina lisilolingana na la mfumo, fedha zinakupita na hatimaye zinarudishwa Bodi. Kuzifuatilia baada ya hapo ni kazi ya wiki kadhaa kupitia kwa afisa mikopo wa chuo. Akaunti iwe hai, jina liwe lilelile la kidato cha nne, na usibadilishe benki katikati ya mwaka bila sababu.

Kwa mwaka wa pili na kuendelea, kuchelewa kwa bumu kuna chanzo ambacho wanafunzi wengi hawakijui. Bodi hailipi hadi chuo kitume matokeo yanayoonyesha kuwa mwanafunzi amefaulu kuendelea. Mhadhiri mmoja akichelewesha alama za somo moja, orodha nzima ya darasa inachelewa, na malalamiko yote yanakwenda kwa Bodi ilhali faili liko mezani chuoni. Serikali ya wanafunzi inayotaka kusaidia ianze kwa kuuliza swali moja kwenye ofisi ya udahili na mitihani: matokeo yetu yametumwa tarehe ngapi?

Aliyehama chuo naye ajihadhari. Uhamisho wa masomo hauhamishi mkopo wenyewe. Lazima vyuo viwili viukamilishe kwenye mifumo yao, vinginevyo ada inaendelea kwenda chuo cha zamani.

Je, 10,000 inatosha? Anayeishi hosteli ya chuo anajimudu. Anayepanga mtaani chumba cha 60,000 kwa mwezi anabaki na 8,000 kwa siku kwa chakula, nauli, vocha na kuchapa kazi. Inawezekana, kwa nidhamu. Ugumu ni kwamba mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa pamoja, wakati bumu linakuja kwa siku 60. Kwa hiyo mkupuo wa kwanza ndio wenye thamani kuliko yote, na ukichelewa wiki tatu baada ya chuo kufunguliwa, mwanafunzi asiye na ndugu mjini anaanza mwaka kwa madeni.

Fedha za serikali ziende wapi kwanza

Bajeti ya mikopo imekua. Mwaka 2020/21 ilikuwa shilingi bilioni 464; 2024/25 ilifika bilioni 787, ongezeko la karibu asilimia 70 kwa miaka minne. Hakuna anayeweza kusema serikali imelala. Lakini wanaogombea fedha hizo nao wameongezeka, na sababu ni sera nzuri za serikali yenyewe. Elimu bila ada ilianza 2016 hadi kidato cha nne, na 2022 ikaongezwa hadi kidato cha sita. Mwaka 2023/24 mikopo ikafunguliwa pia kwa stashahada za fani maalumu kama afya, ualimu wa sayansi na hisabati, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo. Hatua hiyo ya stashahada inastahili pongezi bila masharti. Nchi inahitaji mafundi sanifu na wauguzi, na kozi zao ni fupi na marejesho yanaanza mapema.

Ila kila fedha inapoongezeka, kuna kishawishi cha kuisambaza: watu wengi zaidi, kila mmoja kidogo. Idadi ya wanufaika inapendeza kwenye hotuba. Hesabu ya mfukoni inakataa. Mchukue yule wa asilimia 40. Kwa miaka miwili amepata bumu la robo nne kila mwaka, 2,400,000 mara mbili, na ada 520,000 mara mbili. Jumla 5,840,000. Mwaka wa tatu anaacha chuo kwa kukosa 780,000. Serikali sasa inamdai karibu milioni 6 mtu asiye na shahada wala ajira rasmi ya kukatwa. Ingemwongezea 780,000, ingepata mhitimu anayerejesha 120,000 kila mwezi. Kwa mtoto wa kaya maskini, nusu ya mkopo mara nyingi ni ghali kwa mfuko kuliko mkopo kamili.

Kwa hiyo agizo la kwanza la bajeti liwe hili: yatima, wenye ulemavu na kaya za TASAF walipiwe asilimia 100 ya ada, kwa miaka yote ya kozi, kabla ya shilingi moja kwenda kupanua idadi. Tayari serikali imeonyesha inaweza kugharimia masomo kikamilifu kupitia Samia Scholarship, iliyoanza 2022/23 kwa waliofaulu zaidi masomo ya sayansi. Kumzawadia anayeongoza ni vyema. Kumfikisha mwisho maskini aliyefaulu kwa daraja la kawaida kuna faida kubwa zaidi kwa nchi, kwa kuwa ndio wengi.

Agizo la pili halihitaji fedha mpya. Hazina itoe mgao wa robo ya kwanza kabla vyuo havijafunguliwa. Tarehe ya kufungua inajulikana mapema kila mwaka.

La tatu litawaudhi baadhi ya wahitimu. Kufuta tozo ya asilimia 6 kulikuwa haki, lakini kuacha deni bila kinga yoyote dhidi ya mfumuko wa bei ni ruzuku, na ruzuku hiyo inaenda kwa aliyekwisha kupata shahada. Bei zikipanda kwa asilimia 3 tu kwa mwaka, shilingi milioni moja inayorejeshwa baada ya miaka 10 inanunua vitu vya takriban 744,000 za leo. Pengo hilo linazibwa na bajeti, yaani na fedha ambazo zingemlipia ada anayeingia chuo. Tozo ndogo, isiyozidi mfumuko wa bei, kwa wenye mishahara mikubwa pekee, pamoja na makato ya ngazi badala ya asilimia 15 kwa wote, ingempunguzia mzigo mwalimu mpya na kuurudishia mfuko nguvu. Mwenye mshahara wa milioni 3 akikatwa asilimia 18 na wa 500,000 akikatwa 8, hakuna atakayelala njaa.

Na la nne ni la mifumo. RITA ina kumbukumbu za vizazi na vifo, TASAF ina orodha ya kaya, NECTA ina matokeo, NIDA ina vitambulisho. Zote ni za serikali. Kila taarifa ambayo Bodi inaweza kuichukua yenyewe kwa namba moja ya mwombaji ifutwe kwenye orodha ya viambatisho. Kisha, mwombaji anapopangiwa asilimia 40, akaunti yake imwonyeshe alama alizopata kwa kila kigezo, kuanzia uyatima, ulemavu na shule aliyosoma hadi kazi ya mzazi, na kigezo ambacho hakikupata alama kwa kukosa kiambatisho. Leo anaona kiasi tu, na anaandika rufaa kwa kubahatisha.